Mcheza kwao: Kamaraj na kura 1,285 za Virudhunagar

Kura za kiti cha Virudhunagar, kusini mwa India, katika bunge la jimbo zilipomalizika kuhesabiwa mwezi Februari 1967, K. Kamaraj alikuwa ameanguka. Aliyemwangusha ni P. Seenivasan, kijana wa miaka 28 aliyejulikana kwa kuongoza maandamano ya wanafunzi. Tofauti yao ilikuwa kura 1,285.

Kamaraj wakati huo alikuwa na miaka 63, na alikuwa rais wa Congress, chama kilichoitawala India tangu uhuru. Katika muda usiofika miezi ishirini, kati ya 1964 na 1966, mawaziri wakuu wawili wa nchi walipatikana kwa mkono wake. Kabla ya hapo alikuwa waziri kiongozi wa jimbo la Madras, ambalo leo linaitwa Tamil Nadu, kwa miaka tisa na nusu. Katika miaka hiyo alifungua shule vijijini, akafuta ada, akawapikia watoto chakula cha mchana shuleni. Na Virudhunagar hakupelekwa na chama kwenda kutafuta kiti. Ndiko alikozaliwa.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, akacheza vizuri, na kwao wakamtoa ngomani. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara kuna hesabu moja inayonirudia. India ya wakati ule ilimruhusu mtu kupiga kura akiwa na miaka 21, na uchaguzi uliotangulia ulifanyika 1962. Kwa hiyo waliopiga kura kwa mara ya kwanza 1967 walizaliwa kati ya 1941 na 1946. Kamaraj alipoapishwa kuwa waziri kiongozi, Aprili 1954, watoto hao walikuwa na umri wa kati ya miaka minane na kumi na mitatu. Ndio wale aliowafungulia shule. Wengine wao ndio waliokula wali wake. Mpinzani wake mwenyewe, kijana wa miaka 28, alikuwa na miaka kumi na mitano hivi mwaka huo wa 1954.

Jibu jepesi ni kwamba watu hawana shukrani. Silikubali, na sababu zangu ziko ndani ya maisha yake mwenyewe.

Konzi ya mchele

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903, mji ukiitwa Virudhupatti. Jina alilopewa ni Kamakshi. Mama yake, Sivakami, alimwita Raja. Majina mawili yakaungana yakawa Kamaraj. Familia ilikuwa ya tabaka la Nadar. Kwa vizazi vingi Wanadar wa kusini walikuwa wagema wa mvumo: walipanda miti, wakagema tembo na kupika sukari guru, na kwa kazi hiyo wakahesabiwa kuwa watu wa chini wasioruhusiwa hata kuingia hekaluni. Mwaka 1899, miaka minne tu kabla hajazaliwa, mji jirani wa Sivakasi uliwaka moto kwa ugomvi wa Wanadar kutaka kuingia katika hekalu.

Wanadar wa Virudhupatti walikuwa wameshageuka kuwa wafanyabiashara, na walijijengea shule yao wenyewe, Kshatriya Vidyasala, kwa njia ambayo naomba msomaji aikumbuke hadi mbele. Kila nyumba iliweka kando konzi moja ya mchele wakati wa kupika. Mchele ukakusanywa, ukauzwa, fedha zikaendesha shule. Watu wa huko waliiita shule ya konzi ya mchele. Kamaraj alisoma hapo.

Hakusoma sana. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Mama aliuza vito vyake, akaweka fedha kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na faida ya kila mwezi ndiyo iliyowalisha. Akiwa na miaka kama kumi na miwili aliacha shule na kuwekwa dukani kwa mjomba wake aliyeuza nguo. Huko dukani alisoma magazeti na kusikiliza mikutano ya hadhara jioni. Mwaka 1919, habari za mauaji ya Jallianwala Bagh, ambako askari wa Waingereza waliupiga risasi umati wa watu, zilipofika kusini, alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu hapo duka likawa halina mtu. Familia ilimpeleka Thiruvananthapuram, kwa mjomba mwingine aliyeuza mbao, ikidhani siasa zitamtoka. Alikokwenda akajiingiza katika kampeni ya Vaikom ya kudai kwamba watu wa matabaka ya chini waruhusiwe kupita barabara zinazozunguka hekalu.

Hakuoa. Jela za Waingereza alizikaa kwa awamu kadhaa, kuanzia maandamano ya 1930 ya kupinga kodi ya chumvi, na jumla yake ni takriban siku 3,000. Akiwa ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, watu wa mji wake walimchagua mwenyekiti wa halmashauri. Alipotoka jela alikwenda ofisini, akashukuru, akajiuzulu hapo hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asishike nafasi ambayo hawezi kuitumikia kwa ukamilifu, naye alikuwa na kazi ya chama katika jimbo zima. Tukio dogo, lakini mwanamume huyu aliyaacha madaraka mara mbili kwa hoja ileile, na mara ya pili ndiyo iliyomgharimu.

Mtoto wa malishoni

Kiti cha waziri kiongozi alikipata kwa sababu ya shule. Aliyemtangulia, C. Rajagopalachari, mzee msomi wa tabaka la Brahmin na mmoja wa vichwa vikubwa vya harakati za uhuru, alianzisha 1953 mpango wa shule za msingi vijijini: nusu siku mtoto asome, nusu siku akajifunze kazi ya wazazi wake. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kubana matumizi. Kwa mtoto wa mgema, wa mfua nguo, wa kinyozi, ulimaanisha kwamba serikali inamrudisha kwenye kazi ya tabaka lake. Watu waliuita kula kalvi, elimu ya ukoo, na walimaka. Rajagopalachari akaondoka, na tarehe 13 Aprili 1954 Kamaraj akaapishwa.

Aliunda baraza la mawaziri wanane. C. Subramaniam, ambaye walikuwa wamegombania kiti siku chache kabla, aliwekwa humo. M. Bhaktavatsalam, aliyempigia debe Subramaniam, naye akawekwa. Wizara iliyosimamia mahekalu ya Kihindu alipewa Parameswaran, mtu wa jamii ya Dalit, ili makuhani wa mahekalu yaliyowafungia milango watu wa kwao sasa watoke nje kumpokea waziri kwa heshima zote. Miezi miwili haikuisha kabla elimu ya ukoo haijafutwa.

Kuhusu chakula cha shule kuna kisa kinachosimuliwa Tamil Nadu nzima. Kamaraj alikuwa safarini kusini, gari likasimama kwenye kivuko cha reli karibu na Cheranmahadevi, mageti yamefungwa, treni inasubiriwa. Akashuka. Pembeni palikuwa na mtoto anachunga ng'ombe na mbuzi. Akamuuliza mbona hayuko shule. Mtoto akajibu kwa swali: nikienda shule, nani atanipa chakula? Nikila ndipo nitakapoweza kusoma. Treni ikapita, mageti yakafunguka, na waziri kiongozi akaondoka na swali hilo.

Kisa kimesimuliwa mno kiasi kwamba pembe zake zimelainika, lakini kilichofuata kipo katika kumbukumbu za serikali. Wazo lenyewe halikuwa geni: katika miaka ya 1920 halmashauri ya jiji la Madras iliwahi kuwapa chakula watoto wa shule yake ya Thousand Lights. Jipya lilikuwa ukubwa. Mkurugenzi wa elimu, N. D. Sundaravadivelu, mtumishi wa umma ambaye jina lake linastahili kuandikwa kila linapoandikwa la bosi wake, alianza kuzunguka vijijini akiomba. Mwaka 1956 chakula kilianza kugawiwa, na Ettayapuram, alikozaliwa mshairi Bharati, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa. Baadaye serikali ikakubali kubeba asilimia 60 ya gharama na wanakijiji 40.

Hizo 40 ndizo ninazotaka kukaa nazo. Wizara ya fedha ingependa kuona mchango ule ni wa hiari na usiotabirika, na kwa kweli ulikuwa hivyo. Kijiji kimoja kinaleta mchele, kingine kuni, mwenye shamba analeta dengu, mama anakuja kupika. Kisha ikaja mikutano ya kuboresha shule: wanakijiji walikaa na walimu wao, wakaorodhesha kinachokosekana, na kila mmoja akataja atakacholeta. Madawati, saa ya ukutani, ubao, mabati, kisima. Wasomaji waliosoma shule za vijijini kwetu, walioenda na debe la mahindi na mzigo wa kuni mwanzoni mwa muhula, wanaijua harufu ya moshi ninayoizungumzia. Kwa Kamaraj, hii ilikuwa konzi ya mchele ya Virudhupatti iliyokuzwa ikawa sera ya jimbo. Mtoto aliyesoma kwa mchele wa majirani aliamini kwamba majirani wa kila mahali wangetoa, alimradi aliyewaomba amefika mwenyewe na amekaa nao mkekani.

Na alifika. Hapo ndipo nguvu zake zilipokuwa. Hakuwa msemaji. Hotuba zake zilikuwa fupi, Kitamil cha sokoni, bila madoido, katika jimbo ambalo wapinzani wake wa chama cha DMK walikuwa mafundi wa lugha na wengi wao waandishi wa filamu. Mtu akimletea shida alijibu neno moja, parkalam, tutaona, na waliomjua walisema parkalam yake ilikuwa na uzito kuliko ahadi ya mwingine. Shati jeupe la khadi, yaani pamba ya kusokotwa kwa mkono, shuka jeupe kiunoni, mwili mkubwa, ngozi nyeusi ambayo magazeti yaliitaja mno. Alizunguka jimbo hadi akajua mto gani unakauka mwezi gani. Ndiyo sababu kipindi chake kina mabwawa mengi: Vaigai, Manimuthar, Sathanur, Krishnagiri. Viwanda navyo vilikuja, Guindy, Neyveli, Tiruchirappalli, chini ya waziri wake R. Venkataraman, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa rais wa India. Vitu hivyo vina waandishi wake, sitavigusa zaidi.

Ila bomba la maji lazima nilitaje. Inasimuliwa kwamba halmashauri ya Virudhunagar ilimvutia mama yake bomba hadi ndani ya nyumba, wakati majirani walichota bomba la mtaani. Kamaraj alipojua aliagiza likatwe. Sivakami akarudi mtaani na ndoo kama wenzake. Watu wa mji ule walikiona kitendo hicho kwa macho yao, na bado miaka michache baadaye 1,285 kati yao walitosha kumwangusha.

Alivyong'atuka

Sisi neno tunalo. Kung'atuka tulilipata kwa Mwalimu Nyerere, aliyelitoa katika Kizanaki, na Januari 1962 yeye mwenyewe aliacha uwaziri mkuu wa Tanganyika wiki chache baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Kabla mwaka huo haujaisha alirudi, safari hii akiwa rais. Kamaraj alifanya jambo la aina hiyo mwaka mmoja na miezi baadaye, ila yeye hakurudi.

Mazingira yalikuwa haya. India ilikuwa imeshindwa na China vitani mwishoni mwa 1962. Katikati ya 1963 Congress ilipoteza chaguzi ndogo tatu mfululizo kaskazini na magharibi. Watu waliona chama kimenenepa kwa vyeo. Huko Madras Kamaraj alikuwa na hofu ya karibu zaidi: DMK, chama cha C. N. Annadurai, kilipata viti 15 katika bunge la jimbo 1957, na 1962 kikapata 50. Akamwendea waziri mkuu, Jawaharlal Nehru, na pendekezo: viongozi wakubwa waache vyeo vya serikali, warudi kwenye chama, waende kwa watu. Na yeye awe wa kwanza.

Nehru alilipenda. Agosti 1963 chama kililipitisha na likaitwa Mpango wa Kamaraj. Mawaziri sita wa serikali kuu waliachia, wakiwemo Lal Bahadur Shastri, Jagjivan Ram na Morarji Desai. Mawaziri viongozi sita wa majimbo nao wakaachia, wakiwemo Biju Patnaik wa Orissa na Bakshi Ghulam Mohammad wa Kashmir. Desai aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba mpango ulitungwa kumwondoa yeye katika njia ya kumrithi Nehru, na wapo wanahistoria wanaomuunga mkono. Sina haja ya kuamua. Kamaraj angeweza kuwa mkweli kabisa katika sababu yake na Nehru akawa na sababu nyingine pembeni. Mambo hayo mawili hukaa pamoja katika chumba kimoja cha siasa bila shida.

Tarehe 2 Oktoba 1963, siku ya kuzaliwa Gandhi, Kamaraj alikabidhi kiti kwa Bhaktavatsalam. Wiki moja baadaye akachaguliwa rais wa Congress wa nchi nzima.

Hapa ndipo ninapouona mwanzo wa kura 1,285. Aliacha ofisi ya Madras ili arudi vijijini. Chama kikamchukua kikampeleka Delhi. Mtu aliyekuwa na hoja kwamba viongozi wamekaa mbali na watu alipewa kazi iliyomweka mbali kuliko alivyowahi kuwa, maelfu ya kilomita kutoka kwa watu waliomwelewa, katika mji ambao Kitamil chake hakikuwa na wa kukisikiliza. Alikubali. Nadhani alikubali kwa moyo safi, na nadhani alikosea.

Delhi alifanya kazi aliyotumwa. Nehru alipofariki tarehe 27 Mei 1964, Kamaraj alizungumza na wabunge na viongozi wa majimbo mmoja mmoja, akapima upepo, na Shastri akapatikana bila kura kupigwa. Shastri alipofariki Tashkent Januari 1966, wapo waliomtaka Kamaraj mwenyewe achukue. Alikataa: hajui Kihindi, Kiingereza chake kidogo, ataiongozaje nchi? Akamuunga mkono Indira Gandhi, aliyemshinda Desai kwa kura 355 dhidi ya 169 za wabunge wa chama. Magazeti yakamwita mtengeneza wafalme.

Lugha na mchele

Wakati huohuo nyumbani moto ulikuwa umewaka. Katiba ya 1950 iliipa lugha ya Kiingereza miaka 15 zaidi katika shughuli za serikali kuu. Baada ya hapo Kihindi kingebaki peke yake. Muda ulikwisha tarehe 26 Januari 1965. Kwa Mtamil lilikuwa jambo la heshima na la mkate kwa pamoja: mitihani ya kazi za serikali kuu ikifanywa kwa Kihindi, kijana wa Madras anaanza mbio akiwa nyuma ya mwenzake wa Allahabad, huko kaskazini. Wanafunzi wa vyuo waliingia mitaani. Huko Madurai maandamano yakageuka mapambano, yakaenea jimboni kote. Bhaktavatsalam alijibu kwa polisi, kisha jeshi likaitwa. Watu waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa takriban 70. Wapo vijana waliojimwagia mafuta na kujiwasha. Mawaziri wawili wa serikali kuu wanaotoka Madras, mmoja wao C. Subramaniam, walitoa barua za kujiuzulu, na Shastri akalazimika kuhutubia kwa redio mwezi Februari na kuahidi kwamba Kiingereza hakitaondolewa kwa nguvu.

Kamaraj hakuwa upande wa kukilazimisha Kihindi. Alikuwa mtu wa mwisho nchini anayeweza kusingiziwa hivyo. Lugha ndiyo iliyomzuia asiwe waziri mkuu. Lakini alikuwa rais wa chama kilichoshika serikali zote mbili, ile ya Delhi na ile ya Madras, na sauti yake katika siku zile haikusikika mitaani kama ilivyosikika vyumbani. Tumlinganishe na mtu aliyeshuka garini Cheranmahadevi. Yule angekwenda Madurai, angekaa na wanafunzi, angewaambia parkalam, na wengi wangemwamini. Huyu wa 1965 alikuwa akisuluhisha chama.

Na wanafunzi wale walitoka wapi? Miaka kumi kabla, vijiji vingi vya Madras havikuwa na kijana wa kupeleka sekondari, sembuse chuo. Shule zilipofunguliwa na ada kufutwa, nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na msomi zikapata msomi wa kwanza, na msomi wa kwanza huiangalia nafasi ya kazi kama familia nzima inavyomwangalia yeye. Kihindi kilitishia hasa kitu kile ambacho Kamaraj aliwapa. Hasira yao ilikuwa hasira ya watu waliolithamini lile walilopewa. Ndiyo maana sikubali neno kukosa shukrani.

Halafu mchele. Mvua zilikuwa mbaya 1965 na 1966, chakula kikawa haba na bei ikapanda. DMK ilikuja na kaulimbiu ambayo hata mtoto aliishika: padi tatu ndiyo lengo, padi moja ni hakika. Padi ni kipimo cha mchele, kikubwa kuliko kibaba chetu, na ahadi ilikuwa padi kwa rupia moja. Congress ilikuwa na mabwawa ya kuonyesha. Mwanamke aliyesimama foleni ya mgao tangu alfajiri hakuwa na haja ya kuonyeshwa bwawa. Chama kilichojijengea jina kwa kuwapa watoto wali kiliingia katika uchaguzi wali ukiwa hauko sokoni, na nadhani hakuna sababu nyingine iliyouma kama hii.

Kulikuwa na mengine. Rajagopalachari, mzee wa elimu ya ukoo, sasa alikuwa na chama chake cha Swatantra na alishirikiana na DMK ili kuwang'oa wenzake wa zamani. Mwezi mmoja kabla ya kura, tarehe 12 Januari, mwigizaji maarufu M. G. Ramachandran, mgombea wa DMK, alipigwa risasi shingoni na mwigizaji mwenzake, na picha yake akiwa na bandeji hospitalini ikabandikwa kila ukuta. Yanakumbukwa pia maneno yanayotajwa kuwa ya Kamaraj, kwamba Virudhunagar atashinda hata akiwa amelala. Hata kama hakuyatamka hivyo, watu waliona kwamba mwenyeji ameridhika mno.

DMK ilipata viti 137 kati ya 234. Bhaktavatsalam naye alianguka. Inasimuliwa kwamba Annadurai, aliyekuwa anajiandaa kuapishwa, alihuzunika kusikia Kamaraj ameshindwa na akawazuia watu wake wasifanye sherehe juu ya jambo hilo. Nasadiki. Hawa wawili walipingana miaka kumi na mitano bila kutukanana.

Baada ya hapo

Kamaraj hakuwalaumu wapiga kura. Mwanzoni mwa 1969 uchaguzi mdogo ulifanyika Nagercoil, ncha ya kusini ya nchi, akagombea ubunge wa India na kushinda kwa tofauti kubwa sana. Mwaka huohuo Congress ilipasuka, na yule aliyemwinua, Indira Gandhi, akawa upande wa pili. Mwaka 1971 Indira alishirikiana na DMK katika jimbo lilelile, na watu wa Kamaraj wakashindwa, ingawa mwenyewe alikihifadhi kiti cha Nagercoil. Congress haikurudi kuongoza serikali ya Tamil Nadu kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata.

Juni 1975 serikali ya Indira ilitangaza hali ya hatari. Wazee aliokuwa nao jela za Waingereza sasa walikuwa jela za serikali ya chama walichokijenga. Walio karibu naye wanasema hakupona kimoyo tena. Alifariki jijini Madras tarehe 2 Oktoba 1975, siku ya Gandhi, miaka kumi na miwili kamili tangu siku aliyokiacha kiti, katika nyumba ya kupanga ya barabara ya Thirumalai Pillai. Vitu vyake vilivyotajwa na kila aliyeandika habari zake ni rupia 130, mashati manne, mashuka manne, jozi mbili za viatu vya wazi na vitabu vichache. Mwaka uliofuata alitunukiwa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya nchi.

Chakula cha mchana kiliendelea. Ramachandran, yule wa bandeji, alipokuwa waziri kiongozi alikipanua 1982 kikafikia mamilioni ya watoto. Mahakama ya Juu ya India iliagiza mwaka 2001 kila jimbo liwapikie watoto wa shule zake za msingi. Mwaka 2006 serikali ya DMK, chama kilichomwangusha Virudhunagar, ilipitisha kwamba tarehe 15 Julai iwe Siku ya Maendeleo ya Elimu katika shule zote za Tamil Nadu. Na Septemba 2022 serikali nyingine ya DMK ikaongeza kifungua kinywa: sasa mtoto wa shule ya msingi ya serikali anakuta sufuria jikoni kabla kengele ya kwanza haijalia.